Pikipiki Bantam Bushman ya 1970 iliyolala bandani Ganda: nimeinunua, nimeifungua yote, sasa inatembea

MwanaSabaki

Assalam alaykum jamaa, na habari za usiku kwa wote.

Mwaka jana wakati wa kusi nilikwenda Ganda, nje ya mji wa Malindi, kuangalia mabati ya mtumba. Mzee mwenye boma akanipeleka banda la nyuma, na mabati yenyewe yalikuwa yameegemezwa kwenye kitu. Tulipoondoa la tatu nikaona usukani mpana, halafu ekzosi iliyopandishwa juu ubavuni. Nikachuchumaa, nikapangusa tangi kwa kiganja. Chini ya vumbi na mavi ya kuku kulikuwa na rangi ya chungwa na nyeupe. Moyo ulinipiga. Nilikuwa nimeiona kwenye picha tu: BSA Bantam Bushman.

Kwa wasioijua: BSA ilikuwa kampuni ya Birmingham, Uingereza. Ilianza mwaka 1861 kwa kutengeneza bunduki, na jina lenyewe maana yake ni silaha ndogondogo za Birmingham. Bantam ilitoka mwaka 1948 ikiwa pikipiki ndogo ya cc 123, ya tarishi na ya mtu wa kwenda kazini. Ikakua hadi cc 172, ambayo wao wanaiita 175. Bushman ni Bantam iliyoinuliwa kwa ajili ya porini: ekzosi juu, usukani mpana, sproketi ya nyuma kubwa ili ipande mlima na mchanga bila kuhema. Nyingi zilitengenezwa kusafirishwa nje, Afrika na Australia, kwa watu wa mashamba. Kwa hiyo hii haikupotea njia kufika Ganda. Ilitengenezwa ije huku.

Mzee alikuwa bwana shamba. Aliiendesha Jilore, Kakoneni, mpaka Langobaya, na mche wa mkorosho umefungwa nyuma. Anasema iligoma mwaka ambao kitinda mimba wake aliingia darasa la kwanza. Huyo kitinda mimba sasa ana watoto wawili.

Sikununua siku hiyo, na hapa naomba mnisikilize wale mnaotamani vitu vya zamani. Nilirudi mara tatu. Mara ya kwanza nilipiga picha namba ya injini na namba ya fremu. Kwa BSA za kuanzia msimu wa 1969 namba huanza na herufi mbili, ya kwanza ni mwezi na ya pili ni mwaka. Yangu imeandikwa AD, yaani Januari 1970, na iko sawa kwenye injini na kwenye fremu. Kichwa cha silinda nacho kina plagi iliyosimama wima katikati, na hiyo ni alama ya toleo la mwisho kabla Bantam haijafungwa mwaka 1971. Mara ya pili nilikwenda na tochi kuangalia kama pezi za silinda, zile za kupozea, zimevunjika. Mara ya tatu tuliketi na mzee na mwanawe mkubwa tukatafuta logibuku, kile kitabu cha usajili. Ilikuwa ndani ya bati la biskuti pamoja na vyeti vya kuzaliwa. Bila karatasi ile nisingetoa hata shilingi, kwa sababu ukishindwa kuisajili umenunua pambo.

Tulipatana elfu thelathini na tano. Mzee alitaka nimwahidi jambo moja, nitalieleza mbele.

Kiki_Moja

Hongera sana kaka. Lakini niulize bila kukukera, kwa nini usitie injini ya Boxer, hizi pikipiki za boda? Spea ziko kila duka hapo Malindi, mafundi wanaijua wakiwa wamefumba macho. Ungekuwa barabarani ndani ya wiki mbili.

MwanaSabaki

Hunikeri hata kidogo. Fundi wa kwanza niliyemwita aliniambia hivyohivyo, na tayari alikuwa ameshika chaki anapima pa kukata fremu. Nikamwomba aiweke chini ile chaki.

Injini ile ndiyo Bantam yenyewe. Baada ya Vita vya Pili vya Dunia michoro ya pikipiki ya Kijerumani, DKW RT 125, ilichukuliwa kama fidia ya vita. Waingereza wakaigeuza kama unavyoiona kwenye kioo, cha kushoto kikaenda kulia, kwa sababu wao walizoea kubadilisha gia kwa mguu wa kulia. Ndiyo maana kiki na gia za Bantam ziko upande mmoja, ekseli moja ndani ya nyingine. Mchoro huohuo Warusi waliufanyia pikipiki yao, Harley-Davidson yao, na Yamaha ya kwanza kabisa, YA-1 ya mwaka 1955, ilitokana na DKW hiyohiyo. Mtu akiwa na Yamaha ya zamani hapo Mambrui, ajue ana binamu yake hapa kwangu.

Sasa nikiitoa injini hiyo nikatia ya boda, ninabaki na nini? Tangi la rangi ya chungwa juu ya boda. Na ahadi niliyompa mzee ni hii: alitaka aisikie tena. Hakusema aione. Macho yake yameshapungua nuru.

FundiMtangani

Maneno mazuri. Tuambie kazi yenyewe sasa. Ulianza wapi?

MwanaSabaki

Nilianza kwa kuharibu nati nne, fundi. Nilichukua spana ya milimita, ikakaa karibu sawa, nikavuta, ikateleza na kula pembe zote. Nikajaribu ndogo yake, haiingii. Ikanichukua siku mbili kuelewa kwamba hii mashine haijui milimita. Spana zake ni za kipimo cha Whitworth, yule mhandisi Mwingereza aliyepanga vipimo vya nyuzi za bolti mwaka 1841, na bolti nyingi ni za nyuzi za baiskeli, nyuzi 26 kwa inchi. Ukilazimisha bolti ya kisasa inaingia duru mbili halafu inakwama, na alumini ya injini ndiyo inayolia. Nilipata seti ya spana kwa mzee mmoja fundi wa majenereta pale Majengo, zimefungwa kwenye kanzu kuukuu. Hakutaka kuuza. Ananiazima Ijumaa baada ya swala, nazirudisha Jumapili jioni. Kazi yote ya miezi minane imefanyika Jumamosi na Jumapili kwa sababu ya zile spana.

Pistoni ilikuwa imeganda. Upepo wa huku mnaujua, kusi ikipiga chumvi inafika mpaka ndani ya kabati la nguo, seuze silinda iliyoachwa na plagi wazi. Nilimimina dizeli na mafuta ya giaboksi za otomatiki nusu kwa nusu kupitia tundu la plagi, nikaacha. Kila jioni natia tena. Wiki ya kwanza kimya. Wiki ya pili mafuta yakaanza kushuka polepole, nikajua yanapita pembeni ya ringi. Siku ya kumi na tisa nikaitoa juani tangu asubuhi, silinda ikawaka moto huwezi kuigusa, nikafungua kichwa, nikaweka kipande cha boriti ya mkoko juu ya pistoni na kugonga taratibu, kama mtu anayebisha mlango wa wazee. Pigo la sita au la saba likatoa sauti tofauti. Lilikuwa zito, halirudishi mkono. Pistoni ilikuwa imeshuka upana wa ukucha. Nikaweka nyundo chini nikaenda kunywa maji.

Usigonge kwa chuma. Pistoni ni alumini, itatoboka.

NahodhaAmu

Nduyangu, salamu kutoka Amu, yaani Lamu. Sisi huku ni mashua na punda, lakini injini ya kuchanganya mafuta na petroli twaijua vyema, maana mashine za boti nyingi ni hizohizo. Mafuta ya kuchanganya usihangaike kuagiza mbali. Chukua ya boti, yanauzwa ufukweni hapo Malindi. Sisi twatia mililita 20 kwa lita.

MwanaSabaki

Ahsante nahodha, na nimefurahi umelitaja, kwa sababu wengi watafikiria hivyo na mimi nilikuwa nimeshanunua chupa.

Angalia kibandiko cha ile chupa: imeandikwa TC-W3. Hayo yametengenezwa kwa injini inayopozwa na maji. Mashine yako ya boti inafyonza bahari mchana kutwa, haipati joto kali. Bantam inapozwa na upepo tu, na kwenye mchanga wa Marafa kwa gia ya pili upepo wenyewe ni mchache. Inahitaji mafuta ya injini za kupozwa kwa hewa, chupa iandikwe TC peke yake, au JASO FB au FC. Yanapatikana kwa wauzaji wa misumeno ya kukatia miti.

Na kiasi pia si sawa. Yangu natia mililita 40 kwa lita, yaani moja kwa 25. Pistoni na silinda hazina mafuta mengine ila hayo yanayokuja na petroli. Boxer ina mafuta yake chini ya injini. Hii ukisahau kuchanganya hata tangi moja umeiua.

NahodhaAmu

Nimekufahamu. Miaka yote hiyo sikuwahi kusoma kile kibandiko. Chupa uliyonunua niletee Amu, haitapotea.

BintiWaMaweni

Kaka, mimi nauliza habari ya tangi. Marehemu babangu aliacha pikipiki, si hii, lakini ya umri huo, na tangi ndani ni kutu tupu. Fundi ameniambia nikate chini nisafishe kisha nichomelee. Naogopa.

MwanaSabaki

Dada yangu, usikate na usiruhusu moto karibu na tangi lililowahi kuwa na petroli, hata kama limekaa tupu miaka ishirini. Mvuke unaobaki umewaunguza watu.

Fanya nilivyofanya mimi. Toa koki ya petroli, ziba tundu. Tia kokoto ndogo za mto, kiasi cha vikombe viwili, pamoja na mafuta ya taa, kisha lifunge kwenye kanga kuukuu na ulitikise. Mimi nilitikisa na wanangu kwa zamu jioni tatu. Mwaga, utaona tope jekundu. Halafu jaza siki ya tembo mpaka shingoni. Siki ya kawaida ya dukani inafaa pia, lakini ya tembo la mnazi hapa kwetu ni rahisi ukinunua dumu zima, na ukali wake unatosha. Nililiacha siku nne. Kila asubuhi naweka kidole ndani: siku ya kwanza kinatoka cheusi, siku ya tatu kijivu, siku ya nne nikamulika tochi nikaona bati jeupe kama ndani ya sufuria mpya.

Hapo usilale. Siki ikitoka, kutu mpya huanza ndani ya saa chache kwa hewa hii yetu. Suuza kwa maji yaliyoyeyushwa magadi, yale ya kupikia, kuua ukali wa siki. Suuza tena kwa maji safi, anika juani ukilipuliza upepo ndani, kisha zungusha mafuta kidogo kila pembe. Rangi ya nje sikuigusa. Palipochubuka pamebaki pamechubuka, kwa sababu ubavu wa kushoto umelika pale pale goti la mzee lilipokuwa likigusa.

Pole kwa msiba wa baba. Ukikwama niandikie.

FundiMtangani

Injini kaka. Usituzungushe.

MwanaSabaki

Nakuja, fundi, na sehemu hii inaniuma.

Silinda ilikuwa imelika. Ya asili ni milimita 61.5, na pistoni za kupanua zinauzwa kwa vipimo vya inchi: ishirini kwa elfu ya inchi, yaani nusu milimita, halafu arobaini kwa elfu. Niliagiza ya ishirini kutoka Uingereza, ikaja na ringi zake. Silinda nikaipeleka Mombasa kwa karakana ya kukereza, sitaitaja. Wakaipanua vizuri, kuta zinang'aa, kipimo sahihi. Nikafunga, nikapiga kiki, ikawaka. Iliwaka! Nilizunguka mtaa wa nyuma ya nyumba mara mbili. Mara ya tatu ikatoa mlio kama msumari ndani ya bati, ikazima.

Nilipofungua, ringi ya juu ilikuwa vipande vitatu na ukuta wa silinda una mfereji.

Sababu ni hii, na mafundi wa Boxer nawaomba muishike, kwa sababu kwenye injini zenu haipo. Injini ya aina hii haina valvu. Hewa na moshi hupita kwenye milango iliyotobolewa ukutani mwa silinda, na ringi inapita juu ya milango hiyo maelfu ya mara kwa dakika. Ukishapanua silinda, kingo za milango hubaki kali kama wembe. Lazima ulainishe kila ukingo, juu na chini, kwa jiwe la mafuta au msasa laini, mpaka ukipitisha ukucha haunasi. Hawakufanya. Wao walizoea silinda za magari. Na mimi niliyepaswa kupitisha ukucha sikupitisha, nilikuwa na haraka ya kusikia sauti.

Angalieni pia vile vijipini kwenye mifereji ya pistoni. Ncha za ringi zinakaa pale zisizunguke zikaangukia mlangoni. Ukifunga na ringi imepanda juu ya kijipini, utaivunja kabla hata ya kiki.

Ikabidi niende pistoni ya pili, ile ya arobaini kwa elfu, miezi miwili mingine na shilingi elfu kumi na nane zimekwenda. Safari hii silinda nilikaa nayo mwenyewe kibarazani, mlango baada ya mlango, usiku mzima.

Kiki_Moja

Pole sana. Hapo wengi wangeirudisha bandani.

MwanaSabaki

Hata mimi niliifunika wiki tatu. Mke wangu ndiye aliyeuliza, "Yule mzee wa Ganda umemwambia nini?" Nikaanza tena.

Mara ya pili nikaamua kutenganisha injini yote nusu kwa nusu, jambo ambalo lilipaswa kuwa la kwanza. Sili za kranki, ile mipira inayoziba ncha mbili za shafti ya injini, zilikuwa zimekuwa ngumu kama plastiki. Kwenye injini hii chumba cha kranki ndicho kinachosukuma hewa kwenda juu, kwa hiyo lazima kizibe kabisa. Sili ya upande wa klachi ikivuja, injini inavuta mafuta ya gia na kutoa moshi mzito. Ya upande wa pili ikivuja inavuta hewa, mchanganyiko unakuwa mkavu, injini inapanda joto na kushika. Mtu atakwambia kabureta mbovu, atakubadilishia kabureta mbili, na ugonjwa ni mpira wa bei ya sahani ya biriani. Ukinunua injini ya aina hii iliyokaa muda, badilisha sili kabla hujaiwasha. Usijaribu kwanza.

Kabureta ni Amal, mwili wake ni aloi laini. Aliyeifunga zamani alikaza nati mbili mpaka uso wake ukapinda. Niliunyoosha kwa msasa uliolazwa juu ya kioo cha dirisha, taratibu, duara kwa duara. Ndani nilipitisha uzi mmoja uliochomolewa kwenye waya wa breki ya baiskeli, kwa sababu petroli ya miaka ile ilikuwa imegeuka gundi.

Umeme ni volti 6. Waya zote zilikuwa zinavunjika kama ukoko, nikazivuta upya. Pointi, zile zinazokata umeme wa plagi, nikaziweka mwanya wa milimita 0.3. Ikawa inawaka baridi vizuri, ikipata moto inakufa, ikipoa inawaka tena. Nani amewahi kupata hilo?

FundiMtangani

Kondensa.

MwanaSabaki

Kondensa, fundi wangu, kile kijikopo kinacholinda pointi. Ungekuwa hapo ningeokoa siku sita.

Cheni nayo msiagize. Ya boda, ile 428, imeingia sawa, nilipunguza pingili tu.

BintiWaMaweni

Na mzee? Umempelekea?

MwanaSabaki

Jumamosi iliyopita. Nilitoka mapema kabla ya jua, kwa sababu injini mpya haitaki joto wala kasi. Barabara ya Ganda mnaijua, kuna ile sehemu ya mchanga mwekundu ambapo boda zinayumba. Hii ilipita gia ya pili kama punda anayejua njia ya nyumbani.

Nilikuwa sijafika kwenye mwembe wa boma lake. Mwanawe anasema mzee alikuwa anakunywa chai, akaweka kikombe chini na kusema, "Gia ya tatu. Aishushe sasa, pana shimo." Na kweli palikuwa na shimo.

Alikuja akaweka mkono kwenye tangi, akateremka nao mpaka pale ubavu ulipolika. Akaniambia nisiizime. Tukakaa hivyo, yeye amesimama, injini inatulia, moshi mdogo wa samawati unaingia kwenye majani ya mwembe. Baadaye akaniuliza kama nimetia mafuta ya kutosha kwenye petroli. Nikamwambia arobaini kwa lita. Akasema yeye alikuwa anapima kwa kifuniko cha chupa ya soda, na akanieleza ni vifuniko vingapi.

Kiki_Moja

Nimeondoa swali langu la Boxer. Je, ukipata mteja?

MwanaSabaki

Haiuzwi. Ila nahitaji msaada: kebo ya spidomita imekatika na ya boda ni fupi kwa kama shibiri moja. Pia natafuta mpira wa kiki wa asili, hata uliochakaa. Mtu mwenye Bantam iliyokufa huko Lamu, Hola au Kilifi, hata kama ni fremu tupu iliyofungiwa mbuzi, naomba aniandikie. Nitakuja na Jumamosi yangu na spana za watu.

NahodhaAmu

Mokowe kuna moja nyuma ya ghala. Rangi siijui, imefunikwa na tanga. Nitaangalia kesho maji yakijaa, nikutumie namba za kwenye fremu.